Uziwi huu umetoka upande wa nani?

Jirani yangu wa Igoma, hapa Mwanza, ana watoto wanne. Wa kwanza na wa tatu hawasikii tangu kuzaliwa. Alipogundulika yule wa kwanza, watu walisema ni homa aliyougua akiwa mchanga, na neno likaishia hapo. Wa tatu alipofikisha mwaka na nusu bila kugeuka akiitwa, homa haikutosha tena kuwa maelezo. Ukweni wakaitisha kikao. Mawifi wawili walivuka na kivuko kutoka Nansio, na kaka wa yule mama akaja kutoka Misungwi kumsimamia dada yake. Mimi niliitwa kwa sababu nafundisha baiolojia sekondari, na mtaani kwetu mwalimu wa baiolojia ni nusu daktari, apende asipende.

Swali lilikuwa moja: uziwi huu umetoka upande wa nani? Upande wa mume wakasema kwao hakuna kiziwi tangu enzi za babu wa babu. Upande wa mke wakasema hivyohivyo, tena kwa kiapo. Kila upande ukaamini mwenzake anaficha. Kumbe wote walikuwa wanasema kweli, ila ukweli wao haukuwa na uzito wowote katika shauri lile.

Sisi wa Kanda ya Ziwa somo hili tunalo mlangoni, basi tu hatulitumii. Tunaijua seli mundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo, na huku ziwani ndiko ulikojaa. Panda mlima hadi hospitali ya Bugando siku ya kliniki uwaangalie wazazi waliokaa kwenye mabenchi: wazima wa afya, wamepakata watoto wanaolia mifupa. Ualbino nao ndio hivyo, baba mweusi, mama mweusi, mtoto mweupe. Uziwi wa kurithi kwa sehemu kubwa hupita njia hiyohiyo. Lakini tumezoea kusema mtoto wa nyoka ni nyoka, kana kwamba kurithi ni kufanana na mzazi tu, na methali hiyo imewaponza wanawake wengi.

Pale kikaoni niliwaeleza kwa mfano wa funguo. Kila jeni, yaani agizo la kujenga mwili tunalorithi, mtu anayo kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, kama kufuli moja lenye funguo mbili. Ufunguo mmoja ukikatika unatumia wa pili, na mpita njia hawezi kujua kwamba umebakiwa na mmoja. Mtu wa namna hiyo anasikia vizuri kabisa. Wataalamu humwita mbebaji, na anaweza kufikisha miaka tisini asijue amebeba nini. Shida huja akikutana na mwenzake ambaye naye amekatikiwa ufunguo wa kufuli lilelile. Kila mzazi humpa mtoto ufunguo mmoja bila kuchagua. Mtoto akipata angalau mmoja mzima, mlango unafunguka. Akipata mbili zilizokatika, haufunguki. Kwa kila mimba, uwezekano wa hilo ni mmoja kati ya nne.

Wifi mkubwa akadakia: "Mwalimu, umesema mmoja kati ya wanne. Hapa wapo wanne, na viziwi ni wawili. Hesabu yako imekaaje?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Mimba haina kumbukumbu. Mama anayezaa wasichana watano mfululizo hajavunja sheria ya nusu kwa nusu, na wa sita anaweza kuwa msichana vilevile. Robo ile huanza upya kila mara. Ukichukua wenzi wengi ambao wote ni wabebaji wa kasoro moja, na kila wenzi wakazaa watoto wanne, karibu theluthi moja yao hawatapata kiziwi hata mmoja. Kundi kubwa zaidi watapata mmoja tu. Fikiria maana yake: katika familia za namna hii, sura ya kawaida ya uziwi wa kurithi ni mtoto mmoja kiziwi kati ya ndugu wanaosikia na wazazi wanaosikia. Yaani inafanana kabisa na kitu ambacho hakikurithiwa. Huko Marekani, ambako wamewahesabu, zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wana wazazi wanaosikia.

Katika nchi tajiri, ambako magonjwa mengi ya utotoni yamedhibitiwa, nusu au zaidi ya watoto wanaozaliwa viziwi wamepata hali hiyo kwa njia ya jeni. Kati ya hao wa jeni, kama asilimia 70 hawana shida nyingine yoyote mwilini isipokuwa masikio, na wengi wa hao, kama asilimia 80, wamerithi pande zote mbili kwa mtindo huu wa funguo. Huku kwetu fungu la jeni ni dogo zaidi, kwa sababu homa ya uti wa mgongo, manjano ya watoto wachanga, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na rubela ya mama mjamzito vyote vinaharibu masikio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Chanjo ya surua na rubela tunayochanja tangu 2014 ni sehemu ya kazi hiyo.

Sasa, kwa nini sikio liwe na makufuli, yaani jeni, mengi hivi? Zaidi ya 120 zinajulikana kusababisha uziwi peke yake, ukiacha zile zinazoleta uziwi pamoja na mambo mengine. Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, umejaa majimaji. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, na binadamu akizipoteza hazioti tena. Sauti hutikisa majimaji, vinyweleo huinama, potasiamu huingia ndani ya seli, na seli hutuma ujumbe kwa mshipa wa fahamu. Baada ya hapo potasiamu lazima irudishwe ilikotoka ili seli iwe tayari kwa sauti inayofuata. Kazi ya kuirudisha inahitaji vijitundu kati ya seli na seli, na vijitundu hivyo vimejengwa na protini iitwayo koneksini 26. Jeni inayoiunda, GJB2, ilitambuliwa mwaka 1997 kuwa chanzo cha uziwi. Protini nyingine, otoferlini, ndiyo inayosukuma ujumbe kutoka kwenye seli kwenda kwenye mshipa. Nyingine hujenga kinyweleo chenyewe, nyingine hukifunga na jirani yake.

Mtu wa Kirumba ataelewa upesi. Ili dagaa wafike mwaloni asubuhi, lazima mtumbwi usivuje, taa ziwake, wavu usiwe na tundu, injini iitike. Kikikosekana kimoja tu, mtumbwi unarudi mtupu, na wewe uliyesimama ufukweni na ndoo yako huwezi kujua kilichoharibika ni kipi. Uziwi ni ule mtumbwi mtupu. Unaonekana mmoja, sababu zake ni nyingi.

Ndiyo maana viziwi wawili wakioana, mara nyingi watoto wao wanasikia. Huyu amekatikiwa funguo za kufuli moja, yule za kufuli jingine, na kila mmoja anampa mtoto ufunguo mzima wa lile ambalo mwenzake hana. Mwaka 1883 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alisimama mbele ya wanasayansi wa Marekani akaonya kwamba viziwi wakiendelea kuoana watazaa jamii ya watu viziwi. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, mke wake pia, na bado alisema hivyo. Hofu yake iliwaumiza viziwi kwa miongo mingi, na hesabu yenyewe ilikuwa mbovu. Bado nawasikia watu hapa Mwanza wakiwapinga vijana viziwi wasioane kwa hoja ileile, bila hata kumjua Bell.

Turudi kikaoni. Nilichukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikaanza kuchora ukoo: mduara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. Wazazi, babu na bibi, mashangazi, wajomba, waliokufa wadogo, waliooa huko na huko. Saa nzima ilipita. Tulipofika kizazi cha nne ikabainika kwamba babu mzaa bibi wa mume na bibi mzaa babu wa mke walizaliwa katika kisiwa kimoja kidogo, wakahama kwa nyakati tofauti kufuata uvuvi. Hakuna aliyewahi kuliweka hilo pamoja. Wasukuma na Wakerewe wanakataza kuoa ndugu, na hawa wawili hawakuwa ndugu kwa hesabu ya mtu yeyote aliye hai. Lakini mahali penye watu wachache waliokaa pamoja muda mrefu, ufunguo mmoja uliokatika zamani huweza kuenea kimyakimya kwa wajukuu wengi. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ila chumba kilitulia.

Si uziwi wote hupita pande mbili. Upo unaotosheka na nakala moja mbovu, kutoka kwa mzazi mmoja, na hapo kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Kuna ukoo wa Costa Rica ambao watu wake huzaliwa wakisikia, kisha usikivu huanza kuwapotea wakiwa na umri wa kama miaka kumi, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1992 watafiti waliionyesha sehemu ya kromosomu ya 5 inayohusika (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni). Kwa ukoo kama huo, swali la "upande wa nani" lina jibu, na jibu linaonekana kwa macho.

Mara nyingine halionekani. Sindromu (kundi la dalili zinazokuja pamoja) ya Waardenburg, iliyoelezwa na daktari wa macho wa Uholanzi mwaka 1951, hupita kwa nakala moja, lakini kila mtu humtokea kivyake. Mmoja ana kishungi cheupe cha nywele juu ya paji la uso, mwingine ana jicho moja la bluu, mwingine nywele zinaanza mvi akiwa na miaka ishirini, na mwingine hasikii. Huku kwetu mtoto mweusi mwenye macho ya bluu huzushiwa mambo ya ajabu, majini na mengineyo, wakati angepaswa kupimwa masikio kabla ya kitu kingine. Na yule shangazi mwenye kishungi cheupe, ambaye kila mtu anasema "huyo ndivyo alivyo", anaweza kuwa ndiye jibu la ukoo mzima uliokuwa ukiapa kwamba kwao hakuna kiziwi.

Kuna njia moja tu ambayo ni ya upande wa mama peke yake, nayo nasita kuitaja kwa sababu najua itakavyotumiwa. Ndani ya seli kuna mitokondria, viwanda vidogo vya nishati, ambavyo vina vinasaba vyao wenyewe. Tunavipata kwa mama. Mbegu ya baba hairithishi. Mwaka 1993 ilifahamika kwamba badiliko moja katika vinasaba hivyo, liitwalo A1555G, humfanya mtu apoteze usikivu akichomwa dawa za kundi la jentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini. Anaweza kusikia vizuri hadi siku ya sindano. Dawa hizo zinaweza kumdhuru mtu yeyote zikizidi dozi au siku, ila mwenye badiliko hili huumia hata kwa dozi ya kawaida. Kwa hiyo ukiona mama, kaka yake na mtoto wa dada yake wote "waliziba masikio baada ya sindano", hilo ni la kumwambia daktari kabla hajaandika dawa. Tafadhali lisigeuke sababu ya kukataa jentamaisini kwa kichanga mwenye maambukizi ya damu. Dawa hiyo inaokoa maisha ya vichanga kila siku, na badiliko lenyewe ni nadra. Kinachotakiwa ni kusema, si kukataa.

Ipo pia inayopita kwenye kromosomu ya X, ikawapata zaidi watoto wa kiume. Ni chache. Na ipo isiyotoka upande wowote: badiliko jipya linalotokea katika yai au mbegu, ambalo baba na mama hawakuwa nalo.

Sasa niseme jambo ambalo kwa mtu wa ufukweni ni kubwa kuliko yote hayo. Kuna uziwi wa kurithi unaokuja na hitilafu ya umeme wa moyo. Madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, waliueleza mwaka 1957. Mtoto huzaliwa kiziwi kabisa, halafu huzimia ghafla akikimbia, akishtuka, au akiogelea. Nyumbani wanasema kifafa. Akizimia majini anazama, na ufukweni watu wanasema jini la ziwa limemchukua. Ni hali adimu, lakini kipimo cha ECG, ile karatasi yenye mistari ya mapigo ya moyo, ni cha dakika chache na kinapatikana katika hospitali kubwa, na dawa za kupunguza hatari zipo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi ambaye amewahi kuzimia hata mara moja apimwe moyo kabla hajaruhusiwa tena kuruka ziwani na wenzake.

Macho nayo. Sindromu ya Usher huanza na masikio, kisha miaka ikipita mtoto anaanza kujikwaa jioni, haoni kilichoanguka pembeni yake, na uwezo wa kuona unazidi kubana. Kiziwi anayetumia lugha ya alama anasikia kwa macho. Kujua mapema kwamba macho hayo yatafifia kunabadilisha jinsi unavyomfundisha. Shingoni pia kuna la kuangalia: sindromu ya Pendred huleta uziwi na rovu, ingawa rovu nyingi hazina uhusiano wowote na masikio.

"Basi tupime," akasema yule mjomba wa Misungwi. "Si kuna DNA?"

Vipimo vipo duniani, lakini vingi vilianza kwa kuangalia mabadiliko yanayowapata Wazungu. Kwa watu wengi wa Ulaya, jeni ya GJB2 hubeba hadi nusu ya uziwi unaorithiwa pande mbili, kwa hiyo ukiipima hiyo moja umepiga hatua kubwa. Afrika si hivyo. Watafiti walipowapima viziwi wa Kenya, Kameruni na Afrika Kusini, waliiona kwa nadra sana. Ghana ndiyo ya kipekee. Katika kijiji cha Adamorobe viziwi wamekuwa wengi kwa vizazi vingi hadi kijiji kikazaa lugha yake ya alama, na mwaka 1998 iliripotiwa kwamba chanzo ni badiliko moja la GJB2, R143W. Kwetu huku mashariki, hiyo jeni pekee ikipimwa na jibu likaja "hakuna", maana yake ni kwamba sababu haipo katika jeni hiyo. Haina maana kwamba mtoto hakurithi. Nimekutana na wazazi waliolipa fedha nyingi wakarudi na karatasi ya namna hiyo, na ukoo ukaisoma kama hukumu dhidi ya mama. Kipimo kinachosoma jeni zote za uziwi kwa pamoja ndicho chenye maana, na bado huku ni cha kubahatisha kukipata.

Je, kujua jeni kunamsaidia mtoto? Mara nyingine sana. Hitilafu ikiwa ndani ya koklea, kama ile ya koneksini 26, na mshipa wa fahamu ni mzima, kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio huelekea kufanya kazi vizuri. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa hivyo mwaka 2017, ingawa gharama bado ni mlima. Kwa hitilafu ya otoferlini kuna habari za kusisimua: mwaka 2024 timu ya Shanghai ilichapisha matokeo ya watoto sita waliodungwa sikioni virusi visivyo na madhara vilivyobeba jeni nzima, na watano wakapata usikivu. Ni jeni moja kati ya zaidi ya mia, inayohusu sehemu ndogo ya viziwi. Atakayekuuzia tiba hiyo leo kwa mtoto ambaye hata jeni yake haijulikani, anataka hela yako.

Ambacho hakisubiri jeni ni lugha. Wataalamu wanashauri mtoto apimwe masikio kabla ya mwezi mmoja, ithibitike kabla ya miezi mitatu, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita. Sisi tunasubiri mwaka wa pili, wa tatu, tukijiambia "ataongea tu, hata baba yake alichelewa." Ubongo wa mtoto haujali lugha imepita sikioni au machoni, lakini unajali sana umri.

Jirani yangu aliuliza la mwisho akiwa anamwaga chai: kama akipata wa tano? Nikamwambia, ikiwa dhana yetu ni sahihi, robo, kama kwa wengine wote. Hakuna kafara wala talaka inayoibadilisha robo hiyo. Mume alikaa kimya muda wote, kisha akaomba ile karatasi ya kalenda aihifadhi.

Wale watoto wawili hawakuwa kwenye kikao. Walikuwa uani na yule wa pili, anayesikia, ambaye ndiye mkalimani wao. Tulipotoka nikamwona mdogo akimwonyesha kaka yake kiganja kinachoteleza polepole juu ya mkono mwingine, kama kitu kizito kinachopita majini, halafu akaelekeza kidevu mlangoni. Nikamuuliza mkalimani anasema nini.

"Shangazi," akajibu. "Wanamwita kivuko."